Kanuni au Kosa? Tahakiki ya Maelezo ya Henry na McCloskey kuhusu Maswali Tegemezi katika Lahaja za Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maelezo mawili kuhusu uundaji wa maswali katika vishazi huru na vishazi tegemezi vya lahaja za Kiingereza. Maelezo ya kwanza ni ya Alison Henry kuhusu Kiingereza cha Belfast (1995), na ya pili ni ya James McCloskey kuhusu Kiingereza cha Ayalandi (2006). Suala la msingi ni ugeuzaji, yaani kitenzi kisaidizi kutangulia kiima, katika swali lililo ndani ya sentensi nyingine. Inahojiwa kuwa wataalamu hao wawili wamethibitisha kwamba ugeuzaji huo ni kanuni na si kosa. Hata hivyo, kila mmoja ameeleza sehemu tu ya tukio hilo, na wote wawili hawagusi lahaja ambazo huacha ugeuzaji katika kishazi huru. Mwishoni makala yanaonesha jinsi muundo wa maswali ya Kiswahili unavyosaidia kulielewa tatizo hili, na yanapendekeza majaribio matatu ya kutenganisha kanuni na kosa.

1.0 Utangulizi

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vinavyotumika shuleni hutoa kanuni moja fupi kuhusu maswali. Swali likisimama peke yake, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima. Swali hilohilo likiingizwa ndani ya sentensi nyingine, kiima hurudi mbele ya kitenzi kisaidizi. Kanuni hiyo inadhihirika katika mifano ifuatayo:

(1) a. Where is she going? – Anakwenda wapi?
    b. I asked where she was going. – Niliuliza alikuwa anakwenda wapi.

(2) a. Are you tired? – Umechoka?
    b. He asked me if I was tired. – Aliniuliza kama nimechoka.

Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayeandika sentensi kama zile za (3) na (4) hapa chini huwekewa alama nyekundu, na huambiwa kwamba amechanganya swali la moja kwa moja na swali la taarifa.

(3) He asked me was I tired.

(4) I asked where was she going.

Ni kweli kwamba sentensi hizo zinakiuka Kiingereza Sanifu. Lakini sentensi ya aina ya (3) husemwa kila siku na wazawa wa lugha hiyo huko Belfast, Dublin, Chicago na New York, nao hawaisemi kwa bahati mbaya. Hivyo basi, swali linalozuka si la mtihani peke yake. Ikiwa mzawa wa lugha hutumia muundo fulani kwa utaratibu usioyumba, kwa kigezo gani muundo huo utaitwa kosa? Na ikiwa ni kanuni, ni kanuni ipi? Maswali hayo mawili ndiyo yanayoongoza tahakiki hii. Mifano yote imetungwa kwa kufuata ruwaza zilizoelezwa na watafiti wanaotajwa, na alama ya nyota inaonesha sentensi isiyokubalika katika lahaja inayojadiliwa.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Katika mapokeo ya sarufi zalishi, tofauti kati ya (1a) na (1b) ilipewa maelezo rasmi na Joseph Emonds mwaka 1976. Emonds aliuweka ugeuzaji katika kundi la mageuzo yanayotokea kwenye shina la sentensi tu, yaani katika kishazi huru. Kwa maelezo hayo, kishazi tegemezi hakiwezi kugeuzwa kwa sababu hakiko kwenye shina.

Maelezo ya Emonds yalitaja mipaka ya kanuni bila kutaja sababu yake. Sababu ilipendekezwa na Hans den Besten katika makala aliyoiandika mwaka 1977 na kuichapisha mwaka 1983. Akitumia data ya Kijerumani na Kiholanzi, den Besten alionesha kwamba kitenzi kilichosogezwa mbele na kiunganishi kinachoanzisha kishazi tegemezi hugombea nafasi moja. Nafasi hiyo ikishakaliwa na kiunganishi, kitenzi hakina pa kwenda. Noam Chomsky (1986) aliijumuisha hoja hiyo katika mfumo wake kwa kuifanya nafasi ya kiunganishi kuwa kichwa cha kishazi kizima. Katika (2b), kwa mfano, nafasi hiyo imekaliwa na "if", kwa hiyo "was" inabaki nyuma ya kiima.

Ubora wa hoja ya ugombeaji ni kwamba inatoa utabiri. Kama kuna lahaja inayoruhusu ugeuzaji katika kishazi tegemezi, basi ugeuzaji huo haupaswi kuandamana na "if" wala "whether". Utabiri huu ndio uliozipa data za Ayalandi uzito mkubwa katika mjadala.

3.0 Hoja ya Nukuu na Udhaifu Wake

Kabla ya kumjadili Henry, inafaa kuondoa maelezo mepesi ambayo hutolewa mara kwa mara. Maelezo hayo yanadai kwamba sentensi ya (3) ni nukuu tu ambayo msemaji amesahau kuitenga, yaani amerudia maneno ya mwenzake kama yalivyotamkwa. Dai hilo haliwezi kusimama. Swali lililoulizwa awali lilikuwa "Are you tired?". Katika (3), nafsi ya pili imekuwa nafsi ya kwanza, na wakati uliopo umekuwa wakati uliopita. Mabadiliko hayo ya nafsi na wakati ni alama za usemi wa taarifa. Kama ingekuwa nukuu, sentensi ingebaki na "are you".

Kwa hiyo, msemaji wa (3) hachanganyi usemi halisi na usemi wa taarifa. Anatumia usemi wa taarifa kikamilifu, ila sarufi yake inaruhusu mpangilio wa maneno ambao Kiingereza Sanifu hakiruhusu. Jambo hili ni dogo kwa umbo lakini ni kubwa kwa maana, kwani ndilo linalolihamisha suala zima kutoka uwanja wa uzembe hadi uwanja wa sintaksia.

4.0 Maelezo ya Henry

Kitabu cha Henry cha mwaka 1995 kinachunguza miundo mitano ya Kiingereza cha Belfast, na mmojawapo ni ugeuzaji katika maswali tegemezi. Henry anaonesha kwamba ugeuzaji hutokea katika maswali ya ndiyo au hapana na pia katika maswali yenye kiulizi. Aidha, anathibitisha utabiri wa ugombeaji:

(5) a. I wondered had they left.
    b. I wondered if they had left.
    c. *I wondered if had they left.

Msemaji wa Belfast ana njia mbili, (5a) na (5b), lakini hana njia ya tatu. Ama kiunganishi kikae mahali pake, ama kitenzi kisaidizi kipande mahali hapo. Viwili hivyo havikai pamoja. Hali ni hiyo hiyo katika maswali yenye kiulizi. Lahaja hiyo huruhusu kiulizi kifuatwe na "that", na pia huruhusu kiulizi kifuatwe na kitenzi kisaidizi, lakini haviruhusu vyote viwili kwa pamoja:

(6) a. I don't know which house that they bought.
    b. I don't know which house did they buy.
    c. *I don't know which house that did they buy.

Hapa ndipo nguvu ya kazi ya Henry ilipo. Mtu anayekosea kwa kutojua hawezi kutarajiwa kukwepa (5c) na (6c) kila mara. Ukwepaji huo unaonesha kwamba msemaji ana umilisi wa nafasi moja mahususi katika kishazi, ingawa hajawahi kufundishwa kuhusu nafasi hiyo. Henry anahitimisha kwamba tofauti kati ya Belfast na Kiingereza Sanifu ni ya kigezo kimoja: sifa ya nafasi ya kiunganishi katika swali tegemezi. Katika Belfast, sifa hiyo inaweza kumvuta msaidizi. Katika Kiingereza Sanifu, haiwezi.

Henry anaongeza ushahidi ambao ni mgumu zaidi kuupuuza. Kiulizi kinapotoka katika kishazi cha ndani na kupanda hadi mwanzo wa sentensi, ugeuzaji huweza kutokea pia katika kishazi cha kati:

(7) Who did Mary say had they met? – Mary alisema walikuwa wamekutana na nani?

Katika (7), "had" imetangulia "they" ingawa kishazi hicho kiko chini ya kitenzi "say", ambacho si kitenzi cha kuuliza. Ni kama kiulizi kimepita mlango huo kikielekea juu na kuacha alama ya kupita kwake.

Pamoja na sifa hizo, maelezo ya Henry yana upungufu mmoja wa msingi. Kigezo kinachohusu nafasi ya kiunganishi hakisemi lolote kuhusu kitenzi kikuu cha sentensi. Kikichukuliwa kama kilivyo, kingeruhusu ugeuzaji chini ya kitenzi chochote kinachokubali swali tegemezi. Data za McCloskey zinaonesha kwamba mambo hayako hivyo katika Kiingereza cha Ayalandi kwa ujumla.

5.0 Maelezo ya McCloskey

Makala ya McCloskey ya mwaka 2006 inaanza na swali ambalo Henry hakulipa nafasi kubwa: ni vitenzi gani vinavyoruhusu ugeuzaji chini yake? Jibu lake ni kwamba vitenzi vinavyochukua maswali tegemezi haviko sawa. Vile vinavyohusu kuuliza au kutaka kujua, kama "ask" na "wonder", huruhusu ugeuzaji. Vile vinavyohusu kupata jibu, kama "find out" na "discover", haviruhusu katika sentensi yakinishi:

(8) a. I asked was she at home.
    b. *I found out was she at home.

Jambo la kuvutia ni kwamba (8b) hubadilika ikikanushwa au ikigeuzwa kuwa swali. Sentensi kama "Did you ever find out was she at home?" inakubalika. Maana yake ni kwamba kinachoamua si neno lenyewe, bali hali ya swali lililomo ndani. Katika (8a) swali liko wazi na halijajibiwa. Katika (8b) swali limekwisha kujibiwa. Sentensi ikigeuzwa kuwa swali, jibu linakuwa halijulikani tena, na ugeuzaji unarudi.

Kwa msingi huo, McCloskey anapendekeza kwamba swali tegemezi lenye ugeuzaji lina tabaka mbili za kishazi. Tabaka la juu ndilo linalochaguliwa na kitenzi kikuu; tabaka la chini ndilo lenye ugeuzaji, nalo lina tabia ya kishazi huru. Anatetea pendekezo hilo kwa kuangalia mahali vishazi vya masharti na vya wakati vinapoweza kukaa:

(9) She asked me, if the shop was shut, would I go to the market. – Aliniuliza kama, duka likiwa limefungwa, ningekwenda sokoni.

Katika (9), kishazi cha sharti kinahusu kwenda sokoni na si tendo la kuuliza, lakini kimekaa kabla ya swali lenyewe. Kiingereza Sanifu hulazimika kutanguliza "whether" kisha kuweka sharti. Nafasi hiyo ya ziada mbele ya ugeuzaji inaelezeka kwa urahisi ikiwa kuna tabaka jingine juu yake.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanarudisha uhusiano kati ya sintaksia na tendo la kuuliza. Kishazi huru hugeuzwa kwa sababu kinauliza. Kishazi tegemezi nacho hugeuzwa pale ambapo, ndani ya taarifa, bado kuna kuuliza. Hata hivyo, dhana ya swali lililo wazi inahitaji kubanwa zaidi. Katika sentensi kama "She didn't know was I at home", msemaji anajua vizuri kama alikuwa nyumbani. Asiyejua ni mtu anayetajwa na kiima. Kwa hiyo, uwazi wa swali hauwezi kupimwa kwa akili ya msemaji peke yake. Ni lazima nadharia iseme ni nani ambaye kwake swali liko wazi, na hapo ndipo maelezo ya McCloskey yanapohitaji msaada wa semantiki.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Sentensi ya (7) haina kuuliza chini ya "say". Kinachoulizwa ni sentensi nzima, si kishazi cha kati. Tabaka linalotokana na tendo la kuuliza haliwezi kueleza kwa nini "had" imepanda hapo. Inaelekea basi kwamba Belfast ina matukio mawili yanayofanana kwa sura: moja linalotokana na maana ya kuuliza, ambalo McCloskey amelieleza, na jingine linalotokana na mwendo wa kiulizi, ambalo Henry ameligundua. Kuyaunganisha chini ya jina moja kumefanya kila upande uonekane kuwa na mifano inayoukana upande wa pili, ilhali pande hizo mbili zinazungumzia vitu viwili.

6.0 Lahaja Zilizoachwa Nje

Mjadala wa Ayalandi unachukulia kwamba kishazi huru hakina matatizo: kila mtu hugeuza. Kiingereza cha Wamarekani Weusi kinalipinga wazo hilo. Lisa Green (2002) anaonesha kuwa lahaja hiyo huruhusu swali huru lisilo na ugeuzaji, na papo hapo huruhusu swali tegemezi lenye ugeuzaji:

(10) a. Why you didn't call me? – Kwa nini hukunipigia simu?
     b. She asked me did I call. – Aliniuliza kama nilipiga simu.

Uhalali wa (10b) ulidhihirishwa mapema na William Labov na wenzake katika utafiti wao wa miaka ya 1960 huko Harlem, New York. Vijana waliombwa kurudia sentensi za Kiingereza Sanifu zenye swali tegemezi lenye "if". Baadhi yao walizirudia kwa kuacha "if" na kutumia ugeuzaji. Mtu hawezi kufanya ubadilishaji huo bila kwanza kuielewa sentensi aliyoisikia na kuiunda upya kwa kanuni zake mwenyewe. Kilichoonekana kwa mwalimu kuwa kushindwa kurudia kilikuwa, kwa mwanaisimu, ushahidi wa kuelewa. Hapa ndipo athari za mjadala huu zinapoonekana nje ya kurasa za nadharia: mtoto anayehesabiwa hajui lugha kwa sababu ya (10b) anahukumiwa kwa kipimo kisichopima anachokijua.

Ruwaza ya (10) inaashiria kwamba ugeuzaji ni mojawapo tu ya alama za swali. Kishazi huru kina kiulizi, kina kiimbo, na kina muktadha wa mazungumzo. Lahaja inaweza kumudu kuacha ugeuzaji bila kupoteza maana. Swali tegemezi la ndiyo au hapana halina kiulizi wala kiimbo chake lenyewe. Likikosa "if", ugeuzaji ndio alama pekee iliyobaki. Ndiyo maana "*She asked me I called" haiwezi kuwa na maana ya (10b). Dai hili linapimika: ugeuzaji wa maswali tegemezi unatarajiwa kuwa imara zaidi katika maswali ya ndiyo au hapana kuliko katika maswali yenye kiulizi.

Hata hivyo, dai hilo lisichukuliwe kuwa sheria. Rakesh Bhatt (2004), akieleza Kiingereza cha kawaida cha India, anataja ruwaza ambayo ni kinyume kamili cha Kiingereza Sanifu: swali huru halina ugeuzaji, kama "What you are eating?", na swali tegemezi linao hata lenye kiulizi, kama "I asked him where does he work". Katika mfano huu wa pili kiulizi kipo, na bado ugeuzaji umetokea. Uhaba wa alama, kwa hiyo, unaeleza mwelekeo bila kueleza kila lahaja. Nadharia inayotaka kukamilika haina budi kuruhusu kishazi huru na kishazi tegemezi viwe na masharti yanayojitegemea, jambo ambalo Emonds alilikataa na ambalo Henry na McCloskey hawakulazimika kulikabili.

7.0 Ushahidi wa Kiayalandi na Kiswahili

Kuhusu chanzo cha ugeuzaji huko Ayalandi, Markku Filppula (1999) anaupa uzito mchango wa lugha ya Kiayalandi. Lugha hiyo hutumia chembe "an" mbele ya kitenzi katika swali huru, na chembe hiyohiyo katika swali tegemezi. Kiayalandi, basi, hakina ugeuzaji wa aina ya Kiingereza. Kilichohamishwa hakikuwa mpangilio wa maneno wenyewe, bali ulinganifu: wazo kwamba swali lina umbo moja, likiwa huru au likiwa tegemezi.

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Katika "Anakwenda wapi?" na "Aliniuliza ninakwenda wapi", kiulizi kiko palepale na mpangilio ni uleule, kinachobadilika ni nafsi. Katika maswali ya ndiyo au hapana, kishazi tegemezi huongezwa "kama", lakini maneno yanayofuata hayahami. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeandika (4) hawezi kusemwa kwamba ametafsiri ugeuzaji kutoka Kiswahili, maana Kiswahili hakina ugeuzaji huo katika maswali. Alichokileta ni ulinganifu, kama alivyofanya msemaji wa Kiayalandi zamani: amejifunza umbo la swali mara moja, na amelitumia mahali pote.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Kufanana kwa sentensi mbili hakuthibitishi kufanana kwa sarufi mbili. Kutokana na uhakiki uliotangulia, majaribio matatu yanaweza kutumika. La kwanza ni la ugombeaji: je, msemaji hukwepa kuunganisha "if" na ugeuzaji kama katika (5c)? La pili ni la nafsi na wakati: je, hubadilisha vyote viwili kama katika (3)? La tatu ni la kitenzi kikuu: je, hutofautisha (8a) na (8b)? Anayetimiza yote matatu ana kanuni kama ile ya Kiingereza cha Ayalandi. Anayeandika (5c) na (8b) bila kusita bado anajenga kanuni yake, na anahitaji maelezo zaidi kuliko alama nyekundu.

8.0 Hitimisho

Henry ameonesha mahali ugeuzaji unapotokea katika kishazi, na McCloskey ameonesha hali ya maana inayouruhusu. Kazi hizo hazishindani kwa kiasi kinachodhaniwa: ya kwanza ni ya lazima kwa sentensi kama (7), na ya pili ni ya lazima kwa tofauti ya (8). Upungufu wao wa pamoja ni kuchukulia kishazi huru kuwa kipimo kisichobadilika, wakati data za Wamarekani Weusi na za India zinaonesha kuwa nacho hubadilika.

Kwa upande wa ufundishaji, tahakiki hii haidai kwamba sentensi ya (3) ikubaliwe katika mtihani wa Kiingereza Sanifu. Mwanafunzi ana haki ya kufundishwa usanifu, kwani ndio anaopimwa nao. Kinachodaiwa ni kwamba maelezo anayopewa yawe ya kweli. Kumwambia kwamba amechanganya nukuu na taarifa ni kumpa sababu isiyo sahihi, na sababu isiyo sahihi haimsaidii kusahihisha. Inatosha kumwambia kwamba Kiingereza Sanifu hutenganisha umbo la swali huru na la swali tegemezi, ilhali Kiswahili, Kiayalandi na lahaja nyingi za Kiingereza chenyewe huelekea kuyalinganisha.